Pikipiki ya mkataba: mambo ya kuandika kabla hujakabidhi funguo

Ugomvi mwingi wa pikipiki ya mkataba hauanzi na wizi. Unaanza siku dereva anapolazwa na malaria siku nne, au injini inapokufa wiki ya ishirini, na hakuna aliyewahi kusema siku hizo zinahesabiwaje. Mwenye chombo anaona anazungushwa, dereva anaona ananyonywa, na siku ya kwanza wote wawili walikuwa na nia njema.

Mwongozo huu ni wa anayenunua bodaboda na kumpa mtu alete hesabu, yaani malipo ya kila siku, mpaka chombo kiwe chake, na ni wa dereva anayepokea chombo hicho. Unahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mikataba. Mara nyingi wawili hawa ni watu wa karibu: mjomba na mpwa, shemeji na shemeji, watu waliosoma darasa moja. Hapo ndipo karatasi inahitajika zaidi, maana mgeni utamdai bila haya, lakini ndugu utamnyamazia miezi mitatu halafu ulipuke siku ya msiba mbele ya watu.

Sheria inadai nini

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ni mkataba iwapo pande zote zimekubali kwa hiari, zina sifa za kisheria za kuingia mkataba (miaka 18 na akili timamu), kila upande unatoa kitu, na lengo ni halali. Muhuri wa wakili haumo kwenye orodha hiyo. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Tatizo ni ushahidi. Mahakamani anayedai ndiye anayethibitisha. Ukisema mlikubaliana hesabu 390 na mwenzako akasema 300, mdomo wako na wake vina uzito mmoja. Karatasi iliyosainiwa na mashahidi wawili inaondoa mvutano huo. Wakili anasaidia kwa sababu anauliza maswali ambayo nyinyi mnaona aibu kuulizana, na ni vigumu kukana saini iliyowekwa mbele yake. Mkataba uandikeni kwa Kiswahili, lugha ambayo wote wawili mnaielewa hadi nukta ya mwisho. Ulizeni pia ushuru wa stempu TRA, kwa kuwa hati isiyolipiwa inaweza kukataliwa kama kielelezo mpaka ilipiwe pamoja na faini.

Unamwamini kwa lipi?

Mtu anaweza kuwa mkweli wa kupigiwa mfano na bado akawa dereva mbovu. Mwingine anaendesha vizuri na kutunza chombo, lakini pesa haikai mkononi. Kwa hiyo usiulize tu "ni mtu mzuri?" Angalia leseni yake yenye daraja la pikipiki, na tarehe yake ya kuisha. Chukua namba ya NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi. Nenda kijiweni kwake, zungumza na mwenyekiti wa kijiwe, uliza kama ana kawaida ya kumwachia chombo deiwaka, yaani dereva wa kushikiza kwa siku.

Halafu mtafute tajiri wake wa zamani, yaani mwenye chombo alichokuwa anaendesha, na umuulize swali moja muhimu kuliko yote: chombo kilipoharibika au kilipogongwa, alikuambia lini? Dereva aliyepiga simu saa ileile, hata kama kosa lilikuwa lake, ni wa kumpa. Aliyekaa kimya siku tatu akitafuta fundi wa kuficha, mwache, hata kama hesabu zake zilikuwa zinafika asubuhi na mapema. Uaminifu wa biashara hii unapimwa kwa kasi ya habari mbaya.

Dereva naye ampime mwenye chombo. Omba kuona kadi ya usajili, siyo picha yake kwenye simu. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na namba ya injini na zilizo kwenye kadi. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, simama hapo mpaka upate maelezo yenye karatasi. Na uliza waziwazi kama chombo kimewekwa rehani. Wapo madereva waliolipa zaidi ya nusu, kisha mkopeshaji akaja kijiweni kuchukua pikipiki kwa deni la tajiri wasilolijua.

Hesabu: andika idadi, usiandike miezi

Kosa linalozaa migogoro kuliko yote ni kuandika "mkataba ni wa miezi 15". Miezi inatembea hata chombo kikiwa gereji. Mkifika mwezi wa 15, dereva anasema nimemaliza, mwenye chombo anasema bado una siku 40. Andikeni idadi ya hesabu.

Chukua mfano huu. Pikipiki imenunuliwa kwa shilingi 3,000,000. Bima, usajili na leseni ya biashara vimefika 200,000. Mtaji wote ni 3,200,000. Mmekubaliana 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, siku ya saba ni ya dereva na ya sevisi. Mkiweka hesabu 390, jumla ni 3,900,000, yaani faida ya 700,000 kwa mwenye mtaji kwa wiki 65 hivi kama hakuna kilichokwama. Tarakimu zenu zitakuwa nyingine, ila mfanye hesabu hii wote wawili mkiwa mmekaa, kila mmoja akiona faida ya mwenzake. Dereva anayejua kwamba tajiri anapata 700,000 na siyo milioni mbili, hukaa na moyo mweupe.

Kifungu chenyewe kinaweza kusomeka hivi: *"Dereva atalipa hesabu 390, kila moja shilingi 10,000, Jumatatu hadi Jumamosi. Hesabu isiyolipwa haifutwi wala haiongezwi riba, itasogea mbele. Hesabu ya 390 ikilipwa, chombo ni mali ya dereva, na mwenye chombo atasaini uhamisho ndani ya siku 14."*

Kabla ya kusaini, kaeni kijiweni wiki moja mwone kipato halisi. Kama baada ya mafuta na chakula dereva anabaki na 15,000 siku nzuri na 8,000 siku mbovu, hesabu ya 10,000 itamfanya akope, akimbize, abebe mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), na mwishowe adanganye. Hesabu kubwa kuliko kijiwe inamgeuza mtu mwaminifu kuwa mwongo, na lawama ya hapo ni ya wote waliosaini. Bora 8,000 kwa hesabu nyingi zaidi.

Siku mbaya

Hapa ndipo mkataba unapofanya kazi, kwa hiyo msiwe wavivu.

Ugonjwa na msiba. Wekeni idadi ya siku ambazo hesabu inasimama bila maneno, mfano siku 3 kwa mwezi, kwa sharti la taarifa kabla ya saa tatu asubuhi. Zikizidi, hesabu bado zinasogea mbele tu, ila mwenye chombo ana haki ya kuuliza na kupata jibu.

Matengenezo. Mgawanyo unaoeleweka ni huu: vitu vinavyolika kwa kazi ni vya dereva, yaani oili, plagi, brekishuu, cheni na sproketi, tairi, balbu. Injini na gia boksi ni vya mwenye chombo mpaka nusu ya hesabu, kwenye mfano wetu hesabu ya 195. Kuanzia hapo mnachangia nusu kwa nusu, kwa sababu dereva sasa ana sehemu kubwa ya chombo hicho. Sharti moja tu libadilishe mgawanyo: injini ikifa kwa kukosa oili, ni ya dereva yote. Basi andikeni oili ibadilishwe kila kilomita ngapi. Kwa kazi ya kutwa, 2,000 hadi 3,000 ni kipimo salama, na pikipiki mpya iende huduma ya kwanza mapema, kati ya kilomita 500 na 750. Dereva apige picha ya dashibodi kila akibadilisha oili na kuituma. Picha hiyo inamlinda yeye kuliko inavyomlinda tajiri.

Ukarabati wowote unaozidi 50,000 uelezwe kabla fundi hajafungua bolti, na risiti itumwe. Chombo kikikaa gereji zaidi ya siku mbili kwa tatizo lisilo la uzembe, hesabu isimame.

Kukamatwa na trafiki. Kosa la uendeshaji, kama mishikaki au kutovaa kofia ngumu, faini ni ya dereva na hesabu inaendelea. Bima au leseni ya chombo ikiwa imeisha, ni ya mwenye chombo, na hesabu imesimama mpaka chombo kitoke. Faini hufungamana na namba ya usajili, kwa hiyo mwenye chombo aangalie deni kwenye mfumo wa trafiki kila mwezi, asisubiri mwisho.

Ajali na wizi. Bima ndogo inamlipa unayemgonga. Hailipi pikipiki yako wala haikurudishii iliyoibiwa. Hilo ni la bima kubwa. Hakikisha bima imekatwa kwa matumizi ya biashara ya abiria, maana bima ya matumizi binafsi inaweza kukataliwa siku abiria anapoumia. Ukishakata, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ujue siyo ya kughushi. Kumbuka pia kwamba kadi ikiwa na jina lako, majeruhi anaweza kukuunganisha kwenye kesi hata kama hukuwepo.

Mkibaki na bima ndogo, andikeni nani anabeba wizi. Njia ya haki ni hii: chombo kikiibwa bila uzembe wa dereva, na ametoa taarifa polisi na kuchukua RB (namba ya taarifa ya polisi) siku hiyohiyo, mwenye chombo amepoteza chombo, dereva amepoteza hesabu alizolipa, hakuna anayemdai mwenzake. Kikiibwa mikononi mwa deiwaka asiyeruhusiwa, dereva anadaiwa hesabu zote zilizobaki.

Kifo. Wengi wanaruka kifungu hiki wakidhani ni uchuro. Dereva akifariki akiwa amelipa hesabu 300, haki hiyo ni sehemu ya mirathi yake. Andikeni jina la mtu, mkewe au ndugu, atakayechagua kati ya kumalizia kwa dereva mwingine au chombo kuuzwa na kugawana. Mwenye chombo akifariki, kadi imebaki na jina la marehemu, na atakayesaini uhamisho ni msimamizi wa mirathi. Bila mkataba wa maandishi, watoto wa marehemu wataona pikipiki ya baba yao inaendeshwa na mtu wasiyemjua, na wataichukua.

Kifungu hiki pia ndicho jibu la lile swali gumu. Shemeji akikuuliza, "Kwani shemeji, huniamini?", mjibu hivi: "Nakuamini, ndiyo maana nakupa chombo. Karatasi hii ni ya siku ambayo mimi sipo kukutetea mbele ya wanangu."

Wadhamini

Wadhamini wawili wanatosha, mmoja akiwa na makazi au kazi inayojulikana. Wasome mkataba wote, kwa kuwa kisheria mdhamini anawajibika kwa kiwango kilekile cha mdaiwa isipokuwa mkataba uweke kikomo. Ni uungwana kuweka kikomo, mfano 1,000,000. Mdhamini anayejua mwisho wa mzigo wake hujitokeza ukimwita, asiyejua huzima simu.

Kuna mtego ambao wengi hawaujui. Mkibadilisha masharti, mkapandisha hesabu au kuongeza idadi, bila mdhamini kukubali, anafunguka kwenye wajibu wa yale yanayofuata. Kila badiliko liwe na karatasi yake na saini zote nne.

Kulipa na kumbukumbu

Lipeni kwa simu, siyo mkononi. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa, mradi ujumbe unabaki na taarifa ya miamala inaweza kuombwa baadaye. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, zikiwemo meseji zenu. Ili kupunguza makato, dereva anaweza kutuma 60,000 kila Jumamosi, mradi mkataba useme hivyo.

Pamoja na hayo, wekeni madaftari mawili yanayofanana. Mstari mmoja uwe hivi: *Hesabu ya 87, Jumanne, 10,000, kwa simu, zimebaki 303.* Mwisho wa mwezi mnakaa dakika kumi, mnalinganisha, mnasaini chini ya ukurasa. Dakika hizo kumi ni muhimu kuliko vifungu vingi. Tofauti ya hesabu mbili inazungumzika Januari. Ikifika Desemba zimekuwa kumi na tano na hakuna anayekumbuka.

Ukifunga kifaa cha kufuatilia chombo, mwambie dereva na uandike kwenye mkataba. Mahali mtu alipo ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zaidi ya sheria, kifaa cha siri kikigunduliwa na fundi kijiweni, mmemalizana.

Neno fupi kwa mwenye pikipiki kadhaa anayepanga saa, njia na mshahara: hapo huna wabia, una waajiriwa, hata mkataba uitwe jina lolote. Huwezi kukata hasara kwenye mshahara utakavyo. Lazima umweleze kwa maandishi chanzo cha hasara na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Akiachishwa kazi kwa kuonewa ana siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mkiachana njiani

Kifungu cha "akikosa hesabu tano chombo kinarudi na pesa zote zimepotea" kinapendwa sana na wenye vyombo, na ni kibovu. Dereva aliyelipa 350 kati ya 390 akichukuliwa chombo kwa kukosa tano, huyo ameporwa, na mahakama haifungwi na adhabu mliyoandika. Inaangalia fidia inayostahili. Weka hatua: hesabu 6 zikikosekana bila taarifa, onyo la maandishi; siku 7 za kurekebisha; kisha chombo kinarudi na mnafanya hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme dereva amelipa 240, zimebaki 150, sawa na 1,500,000. Chombo kinauzwa kwa bei ambayo wote mmeiona, tuseme 2,000,000. Mwenye chombo anachukua 1,500,000, dereva anapewa 500,000. Kikiuzwa 1,300,000, pengo la 200,000 mliandike mapema: linadaiwa kwa dereva kama chombo kimechakaa kwa uzembe, vinginevyo mwenye mtaji analibeba. Na mwenye chombo naye abanwe: asiuze, asiweke kadi rehani, asimpe mwingine chombo mkataba ukiwa hai. Akivunja, arudishe sehemu ya dereva kwa hesabu hiyohiyo.

Mkishindwana kabisa, tofautisheni madai na jinai. Kukosa hesabu ni deni. Polisi si wakusanya madeni, na kumweka mtu mahabusu hakumpi pesa ya kulipa. Nenda kwa wadhamini, kisha mwenyekiti wa mtaa kwa usuluhishi, kisha mahakama ya mwanzo ukiwa na mkataba, daftari na taarifa za miamala. Una miaka sita ya kufungua madai ya mkataba, lakini mashahidi huhama, usingoje. Kutoroka na chombo au kukiuza ni jinai. Hapo nenda polisi mara moja na nakala ya kadi, namba ya chesisi na mkataba.

Hesabu ya mwisho

Wiki mbili kabla ya kumaliza, linganisheni madaftari, lipeni faini zote zilizoonekana kwenye namba ya usajili, na ulizeni TRA gharama za uhamisho za wakati huo. Nani analipa uhamisho? Kama hamkuandika, mtagombana kwenye mstari wa mwisho. Mgawanyo wa kawaida wenye haki ni dereva kulipa, kwa kuwa chombo kinakuwa chake, isipokuwa mwenye chombo ndiye aliyechelewesha. Andaeni hati ya mauziano, nakala za vitambulisho, kadi halisi, kisha mwende pamoja. Siku hiyohiyo badilisheni jina kwenye bima, kwa sababu bima yenye jina la mmiliki wa zamani inaweza kuleta mvutano ajali ya kwanza tu ikitokea.

Kwenye kila nakala ya mkataba andikeni "umetekelezwa kikamilifu", tarehe, saini zenu na za wadhamini, ili nao wajue wamefunguka. Kila mmoja ahifadhi nakala yake pamoja na daftari.